Kisima cha Mama Irini na Ng'ombe wa Baba

Kwako Baba,

Mwangaluka, Baba. Shikamoo sana, na shikamoo nyingine kwa Mama, ambaye najua ameketi hapo pembeni anachambua mboga na kujifanya hasikilizi. Goti lake linaendeleaje? Limepungua kuuma tangu aache kushinda kwenye maji ya majaruba, au bado anawadanganya kwamba anakwenda kuuangalia mpunga tu? Mimi ni mzima. Baridi ilipoanza kifua kilinibana, nikanywa tangawizi mpaka nikaichukia, sasa nahema vizuri na ninakula. Ugali napika kwa unga wa mahindi wa huku, ambao una rangi ya njano na ladha ya kuomba msamaha, lakini ugali ni ugali.

Shija, mdogo wangu, wewe unayesoma: soma polepole, usiruke mistari, na usiongeze ya kwako. Nakujua. Baba alisema anataka karatasi, hataki sauti ya simu, kwa sababu sauti ya simu inasikilizwa na kila anayekatiza uani na kesho yake maneno yako Masumbwe nzima. Basi karatasi hiyo. Nimeandika kwa mkono, nimeipiga picha, shangazi ataitoa kwenye mashine pale Kahama jirani na duka lake la mchele, kisha atampa kondakta wa basi. Ikiwafikia na mafuta ya maandazi, mlaumuni shangazi.

Baba, lile swali lako nimelisikiliza mara nyingi kuliko unavyodhani. Ulisema hivi: "Minza, amekuja kijana wa mradi, katukusanya pale shuleni. Anasema ng'ombe wetu wanajamba gesi inayoipasha dunia joto, na mvua zinazotukwepa ni kwa ajili hiyo. Watu wamecheka. Mimi sikucheka. Anataka wenye makundi tuuze nusu, na mimi kwa kuwa ni mwenyekiti wa kitongoji nianze, wenzangu wafuate. Wewe uko huko kwa Wazungu na kazi yako ni gesi hiyohiyo. Niambie, ni kweli au si kweli? Neno lako ndilo nitakalolifuata. Mnada ni mwisho wa mwezi."

Kisha nikasikia ng'ombe analia nyuma yako, nikajua uko zizini unawaangalia. Nililia kidogo, sitaficha. Nusu ya zizi si jambo la kujibiwa kwa haraka. Nusu ya zizi ni maksai wa kulimia, ni maziwa ya wajukuu, ni mahari ya huyu Shija anayesoma hapa na kujifanya hayamhusu. Na wewe unanitwisha mimi niseme! Ndiyo maana nimechelewa. Nilitaka kwanza niwaulize wanaojua, niangalie kwa macho yangu, halafu ndipo nifungue mdomo.

Nikuelezee kazi yangu vizuri, maana Mama alimwambia jirani kwamba nauza mitungi ya gesi. Siuzi mitungi. Nilikuja huku kuendesha magari makubwa kama lile nililokuwa naendesha mgodini Geita, enzi zile napanga chumba Kalangalala. Mwaka wa kwanza nilibeba maji kupeleka kwenye visima vya gesi na mafuta. Visima vya huku si vya kuteka maji, Baba. Ni bomba limetoboa ardhi kwenda chini mbali sana, juu limefungwa kwa vyuma na vali, na pembeni kuna tangi. Nchi ni tambarare kama mbuga za kwetu, ila badala ya migunga unaona vyuma, kimoja hapa, kingine kule, vingine katikati ya ngano ya watu.

Sasa nikipeleka maji sikuweza kunyamaza. Hiki cha nini? Mbona kinapiga mluzi? Mbona hapa majani yamekufa? Kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Wesi, kazi yake kuzunguka kutafuta gesi inapovuja. Alichoka na maswali yangu akasema kama nimekazana kuuliza, heri nije nimwulize nikiwa nalipwa. Ndivyo nilivyopata kazi. Namwamkia shikamoo kila asubuhi na nimemfundisha kuitikia marahaba. Anaitikia kwa sauti kubwa kama chifu, mpaka wenzetu wanageuka.

Tunatembea na kamera, Baba, na hapa ndipo ninapotaka Shija asome mara mbili. Gesi hii haionekani kwa macho. Haina rangi, wala haina harufu. Ile harufu ya gesi ya kupikia unayoisikia mjini inawekwa na watu kwa makusudi, ili ikivuja ujue. Ikitoka yenyewe ardhini unaweza ukasimama katikati yake ukapiga soga, usijue kitu. Kamera yetu lakini inaiona. Siku ya kwanza Wesi alinisimamisha mbele ya tangi moja jipya, zuri, limepakwa rangi kama linakwenda harusini. Nikatazama kwa macho: mbingu ya bluu, tangi, basi. Akanipa kamera. Mayo wee! Juu ya tangi palikuwa panafuka moshi mzito, mweusi kwenye kioo, unapanda na kujikunja na kwenda zake na upepo. Nikatoa kamera usoni: hakuna kitu. Nikairudisha: moshi. Nilifanya hivyo mara nyingi kama mtoto aliyepewa kioo, Wesi anacheka.

"Kimevunjika nini?" nikamwuliza.

"Hakuna kilichovunjika," akasema. "Mtu kapanda, kafungua mfuniko, kasahau kuufunga."

Nilikaa chini, Baba. Nchi yenye barabara zinazosafishwa theluji kabla watu hawajaamka, na mtu kasahau kufunika tangi! Kwetu Mama akikuta mtungi wa maji haujafunikwa, nyumba nzima hailali. Wesi alipanda ngazi akafunika. Nikatazama tena kwenye kamera, moshi ukawa umeisha. Ilikuwa imetoka hivyo kwa muda gani? Hakuna anayejua. Pengine wiki, pengine tangu mvua.

Tangu siku hiyo naona uvujaji hata nikifumba macho. Kuna vali zimelegea, unakaza kwa spana, imekwisha. Kuna mabomba yameoza. Na kuna kitu kilichonishangaza kuliko vyote: vifaa vingine vimeundwa vipumue. Vinatumia nguvu ya gesi yenyewe kufungua na kufunga vali, na kila vikifanya kazi vinatoa pumzi ya gesi nje, pff, pff, mchana na usiku, kwa miaka. Hiyo haihesabiwi kuwa imeharibika. Ndivyo ilivyochorwa na mafundi, kwa sababu zamani gesi haikuwa na thamani kwao.

Nikamwuliza Wesi, zamani ilikuwaje? Tulikuwa tumekaa kwenye pikapu tunakula, yeye mkate wake, mimi viazi nilivyochemsha nikijidanganya ni yale matobolwa ya viazi vitamu anayokausha Mama. Alisema alipokuwa kijana walikuwa wakitafuta mafuta tu. Gesi ilipotoka pamoja na mafuta, waliiona ni usumbufu. Waliiachia iende, au waliiwasha moto juu ya bomba refu. Kulikuwa na mioto kila upande, na watu waliionea fahari, walisema moto ukiwaka ndiyo kazi ipo. Mama yake alikuwa anaanua nguo kwenye kamba zina masizi, na hakulalamika. Nikamwambia hiyo ni sawa na mtu anayetaka samli akamwaga maziwa. Akasema ndiyo, hasa, na tulimwaga tukiwa tunaimba.

Baadaye sheria zikaja, mioto ikapungua, watu wakaanza kuiuza gesi. Lakini kuvuja hakukuisha, kulijificha tu. Wesi anasema kwa miaka mingi wakubwa walikuwa wanakadiria mezani: kisima cha aina hii huvuja kiasi hiki, zidisha kwa idadi ya visima, andika. Hakuna aliyekwenda kuangalia. Kamera zilipokuja, na ndege, na mitambo ya kule angani inayopiga picha, wakagundua yaliyomo kwenye karatasi ni kidogo kuliko yaliyomo hewani. Si nchi hii tu, alisema, na nchi nyingine tajiri ni hivyohivyo. Mimi niliuliza kama waliokadiria waliona aibu. Wesi akatafuna mkate wake mpaka ukaisha.

Kisha kuna visima yatima. Ndiyo jina lake huku, Baba, wanaviita yatima. Kampuni inachimba, inavuna, kisima kikizeeka kampuni inakiuza kwa kampuni ndogo, nayo inakamua yaliyobaki, halafu inafilisika. Inakufa, na kisima kinabaki shambani kwa mtu, hakijazibwa, hakina mwenyewe, na kinavuja. Nilielewa mara moja bila kufafanuliwa. Unakumbuka yule ndama wetu aliyetumbukia kwenye duara la wachimbaji kule ng'ambo ya mto? Walichimba dhahabu, ikapungua, wakakimbilia rashi nyingine, kwenye dhahabu mpya, shimo wakaliacha na mdomo wazi na majani yakaota juu yake. Ulizunguka kutwa ukitafuta nani mwenye duara, kila mtu anasema si langu, mwenyewe kaenda Chunya. Basi huku ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba shimo lao halimezi ndama. Linatapika, na hakuna anayeona.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana mtalisikia hata nisiposema. Nilimsimulia shangazi, na shangazi mnamjua.

Tulikuwa tunapita kukagua karibu na shamba la mjane mmoja. Anaitwa Irini, mimi namwita Mama Irini na mwanzoni alishangaa, akasema yeye hakunizaa. Nikamwambia kwetu anayekuzidi umri hivyo ni mama yako, apende asipende. Anaishi peke yake. Ana ng'ombe weusi wengi kuliko wote wa kitongoji chetu ukiwakusanya, na Baba, utasikitika: hawana majina. Wana namba masikioni.

Nyuma ya ghala lake kuna kisima yatima. Wesi alikuwa amekwenda upande wa pili kukagua bomba, mimi nikaelekeza kamera kule kwa udadisi tu. Moshi! Si wa kufuka, ni wa kububujika, unatoka chini ya kile chuma na kuteleza na upepo kuelekea ghalani. Nikasogeza kamera niufuate unakwenda wapi, na hapo nikamwona Mama Irini mwenyewe, amevaa mabuti, ameinama kwenye pipa la takataka na kiberiti mkononi.

Baba, sikufikiri. Nilifanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nilirukia pikapu, nikalala juu ya honi, nikatoa kichwa dirishani nikapiga mwano.

Nilipiga mwano ule wa ng'ombe wameibwa, ukelele wa kukusanya kijiji kizima. Nilipiga kwa koo lote ulilonipa. Mama Irini aliangusha kiberiti akakimbilia ndani. Mbwa wote walianza kubweka. Wesi akaja mbio anahema, mzee wa watu, akidhani nimeumwa na nyoka. Kisha wakaanza kuja: jirani wa kwanza na trekta lake, wa pili na mkewe na bunduki ya kuwindia, wa tatu na gari la kuzima moto la kijiji ambalo yeye ndiye dereva. Upepo uliipeleka sauti yangu mbali kwenye ile tambarare, na wao hawajawahi kuisikia sauti kama ile tangu wazaliwe. Mmoja alidhani ni ndege kubwa imeanguka.

Nao walipofika, ikawa sasa nieleze. Wesi alikuwa mwekundu. Alinivuta pembeni akaniambia, kwanza, gesi hii ni nyepesi, nje penye upepo inapanda na kutawanyika, isingefika kwenye pipa ikiwa na nguvu ya kuwaka. Hatari ni ikijikusanya ndani ya nyumba iliyofungwa. Pili, kama kweli niliogopa italipuka, je, ni mtu gani mwenye akili timamu anayewasha gari na kupiga honi katikati yake? Kweli kabisa, honi ni umeme, gari ni cheche. Nilikuwa nimekwenda kuzima moto kwa petroli.

Nikadhani nimefukuzwa kazi. Msimamizi wetu alipiga simu palepale, akauliza nani kanipa ruhusa ya kukusanya watu. Nikamjibu kwamba kwetu mwano hauombewi ruhusa, na anayeusikia asije anatozwa faini. Halafu akasema nitarudia mafunzo ya usalama yote tangu mwanzo, na ndivyo ilivyokuwa, nimekaa darasani na vijana wa juzijuzi nikijifunza kufunga kofia ngumu.

Lakini sikia kilichotokea pale uani, maana hilo ndilo linalokuhusu. Watu walikuwa wamekwisha kuja, hawakutaka kurudi bure. Mama Irini alipoelewa si kifo, alitoa chai na keki. Wesi, ili kuwatuliza, akawapa kamera watazame mmoja mmoja. Yule wa trekta akatazama muda mrefu. Akaishusha akasema, "Mimi pia ninacho kimoja hivi, kule bondeni." Mke wa yule wa bunduki akasema wao wanavyo viwili, mumewe alimkataza kusema ili shamba lisipoteze thamani. Dereva wa gari la moto akasema baba yake alikufa anaandika malalamiko juu ya kisima chake. Wote ni majirani, Baba, wamezeeka pamoja, na kila mmoja alikuwa akidhani kisima kibovu ni chake peke yake. Walikuwa wanaona aibu! Aibu ya kisima ambacho hawakukichimba, kilichowaletea utajiri watu wa mbali na sasa kinapumulia uani kwao.

Wiki iliyofuata walikwenda pamoja ofisi ya wilaya yao. Sijui kama kisima cha Mama Irini kitazibwa mapema; hadi leo kimewekewa uzio tu na watu wamekuja kupima. Mama Irini ananiambia angalau sasa wanapokea simu zake.

Basi nikaona nimepata watu wa kuwauliza swali lako. Jumapili moja Mama Irini alitualika, mimi na Wesi, nikawasikilizisha sauti yako, halafu nikawatafsiria. Nikasema: baba yangu anataka kweli tupu, ng'ombe wanatoa gesi hii au hawatoi?

Wanatoa, Baba. Nakuambia kama nilivyoambiwa, na baadaye nimesoma mwenyewe. Ni gesi ileile hasa inayotoka kwenye kisima. Ila kijana wa mradi alikosea mahali pa kutokea: kubwa lake halitoki nyuma, linatoka mdomoni. Ng'ombe anapolala kivulini anacheua, tumboni nyasi zinachacha, na kila akibeua anatoa gesi kidogo. Wewe umekaa na ng'ombe maisha yako yote, umewahi kumwona akibeua ukafikiri kuna jambo? Nataka sana kujua. Ukinusa pumzi yake asubuhi, ni ya nyasi au ni ya kitu kingine? Nijibu hilo, Wesi naye anangoja.

Gesi hii ikipanda angani inashika joto vibaya sana, kuliko moshi wa magari, ingawa haikai huko miaka mingi kama ule moshi. Na ng'ombe wa dunia nzima wakijumlishwa si haba. Kwa hiyo kijana hakudanganya. Nilitaka adanganye. Nilitaka sana nikuandikie, Baba, ni uongo, wafukuzeni. Nilikuwa nimeshaanza kuandika hivyo. Lakini uliomba kweli, na ukija kuisikia kwa mwingine utauliza nilisomea nini.

Nikamwuliza Wesi, kwa hiyo auze? Mzee akakuna kidevu. Akasema, "Kuna kitu kimoja. Vali ikilegea naikaza kwa spana kabla chai yangu haijapoa. Mfuniko naufunga kwa mkono. Ng'ombe utamkaza wapi?" Akasema kama angekuwa na haraka na hewa ya dunia angeanzia pale panapofungika kwa mkono, tena kwa wenye mikono na spana. Alisema kwa hasira kidogo, na mimi nilijua hasira ile hainihusu. Amefanya kazi ya visima maisha yake yote, Baba, na ujanani mwake yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasha ile mioto.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Mnyama aliyezeeka, asiyelima wala kutoa maziwa, muuze kama ulivyouza siku zote. Kijana akileta dawa ya minyoo na madume ya mbegu nzuri, mpokee, mpe na maziwa, naye ametumwa tu. Ng'ombe mwenye afya anatoa maziwa mengi kwa kubeua kulekule. Lakini usiuze nusu kwa aibu. Ile aibu niliiona usoni mwa watu wazima pale uani kwa Mama Irini na najua inavyofanya kazi: inamkalia yule aliye karibu na kitu, si yule aliyefaidi. Mkutano ujao mwulize kijana, kwa adabu, kule ambako mifuniko iko wazi nani ameitisha mkutano shuleni. Kama anajua, aniambie na mimi niende.

Nisalimie bibi, mama yake Mama, mwambieni meno yangu bado mazima. Nisalimie mjomba mwalimu na wanakwaya wake. Nisalimie dada na wale wajukuu wenu wawili wasiopenda kuoga. Shangazi wa Kahama nimeshamsalimu kwa kumpa kazi ya kuchapa karatasi hii. Na yule jirani mwenye plau, mwambieni sijasahau kwamba ndiye aliyenisindikiza stendi siku naondoka.

Kuna salamu moja zaidi, nimeombwa niifikishe. Jumapili ile, Wesi alipomaliza kusema, Mama Irini alikuwa anakusanya vikombe. Akaniuliza una ng'ombe wangapi. Nikamwambia. Alidhani nimekosea kutafsiri, akaniuliza tena, nikamwambia tena. Akaenda dirishani akawatazama wale wa kwake, wameenea mpaka macho yanapoishia. Akasema: "Mwambie baba yako nimekaa hapa tangu nimeolewa, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kugonga mlango huu kuniomba nipunguze. Mwambie mimi siuzi."

Basi, Baba, siku ya mnada nenda Masumbwe kama kawaida yako. Kula nyama, onana na wenzio, tazama ng'ombe wa watu na uwakosoe. Halafu jioni rudi nyumbani uwafungulie wa kwako zizi, waingie wote.

Mwanao anayekupenda,

Minza